Barua ya TSA si kukataliwa: uzi wa kadi ya TWIC kwa tunaofanya kazi bandarini na baharini

MzeeWaGati (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam aleikum na habari za kazi. Mimi ni mtoto wa Majengo, Mombasa. Nilikula chumvi ya bahari miaka kumi na moja kabla ya kuhamia Marekani, na huu ni mwaka wa tisa niko kwenye mfereji wa meli wa Houston. Kazi yangu ni kufunga na kufungua makontena melini.

Juma lililopita kijana mmoja, Mkongo wa Uvira aliyepokelewa hapa kama mkimbizi, alinionyesha barua aliyoipata baada ya kuomba kadi ya TWIC, kitambulisho cha kuingilia bandari za Marekani. Ilikuwa imekunjwa mara nne, kingo zimechakaa kwa kukaa mfukoni. Aliyemsomea alimwambia "wamekukataa", naye akaamini, akaiacha nafasi ya kazi aliyokuwa ameahidiwa bandarini na kurudi kwenye kiwanda cha kuchinja kuku. Nilipoitazama tarehe moyo ulinienda mbio. Siku za kujibu zilikuwa bado zipo, ila zimebaki chache.

Ndiyo maana naandika, na nitaandika kwa urefu, mnivumilie. Barua ile ni swali. TSA, yaani mamlaka ya usalama wa usafiri ya hapa Marekani, wanakwambia hivi: tumeona jambo kwenye rekodi yako, likibaki kama lilivyo hatutakupa kadi, una siku 60 za kutujibu. Ukikaa kimya, basi kimya chako ndicho kinachogeuka kuwa jibu, na hapo unakataliwa kweli.

Kwa wasioijua kadi yenyewe: imetokana na sheria ya usalama wa bahari ya mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Zamani kila bandari na kila kampuni ilikuwa na kitambulisho chake. Sheria ikataka kitambulisho kimoja cha nchi nzima, na mwenye nacho awe amechunguzwa. Uandikishaji ulianza Oktoba 2007 huko Wilmington, Delaware, na kufikia Aprili 15, 2009 bandari zote zilitakiwa kuwa zinaitumia. TSA ndio wanaokuchunguza. Walinzi wa Pwani ndio wanaosimamia utekelezaji getini na melini. Leo walio nayo ni zaidi ya watu milioni 2: makuli, madereva wa malori ya makontena, mafundi wa kreni, mafundi umeme, mabaharia wa meli za Marekani. Yeyote anayetaka kuingia eneo lenye ulinzi bila kusindikizwa lazima awe nayo.

Kuiomba si kazi ngumu. Unajaza fomu mtandaoni, unakwenda kituoni na karatasi zako, unapigwa picha, unaweka vidole vyote kumi kwenye kioo, unalipa takriban dola 125 zisizorudishwa. Kadi inadumu miaka 5. Ugumu uko nyuma ya pazia: alama za vidole zinakwenda FBI, jina linalinganishwa na orodha za washukiwa wa ugaidi, na hadhi yako ya uhamiaji inakaguliwa. Wenye uraia, wenye grini kadi, mkimbizi aliyepokelewa na aliyekwisha kupewa hifadhi, wote wanaruhusiwa kuomba. Nasisitiza hili la mkimbizi kwa sababu nimekutana na watu watatu walioambiwa mtaani kwamba kadi hii ni ya raia peke yao.

Sasa yaliyonipata mimi. Mwaka wangu wa pili hapa nilipewa lifti na jamaa niliyefahamiana naye kazini. Polisi wakatusimamisha, wakakuta bastola chini ya kiti. Tukakamatwa wote wawili, tukaandikiwa kosa la silaha. Baada ya miezi minne kesi yangu ikafutwa kabisa, kwa sababu gari halikuwa langu, wala bastola, wala sikujua kama imo. Nikamshukuru Mungu, nikasahau.

Nilipoomba TWIC barua ikaja. Kwenye rekodi ya FBI kulikuwa na kukamatwa, na kosa, basi. Mwisho wa kesi haukuwemo. Kumbe polisi wanapokukamata vidole vyako vinatumwa siku ileile, lakini uamuzi wa mahakama unapaswa kutumwa baadaye na mtu mwingine, na kwangu mimi haukutumwa. Kwa hiyo mchunguzi aliyekaa mbali huko anaona silaha, haoni kufutwa.

Nililala siku mbili sili vizuri. Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Soma tena, wamesema ulete nini." Nikasoma. Walitaka karatasi ya mahakama inayoonyesha kesi iliishaje. Nikaenda kwa karani wa mahakama ya kaunti ile, nikaomba nakala ya uamuzi yenye muhuri, nikaituma pamoja na barua fupi. Kadi ikaja. Karatasi moja tu, wakuu. Karatasi moja ilikuwa imesimama kati yangu na mkate wa watoto.

Leteni maswali. Nitakayoyajua nitajibu.

DerevaSavannah

Mkuu, umenigusa. Mimi ni Mtanzania, naendesha lori la makontena Savannah. Nina maswali mawili. La kwanza ni la jina: leseni yangu ina majina mawili, grini kadi ina matatu pamoja na la babu. La pili si langu, ni la mdogo wangu. Aliwahi kufungwa kwa dawa za kulevya, akatoka mwaka 2021. Amekata tamaa kabisa, hataki hata kusikia neno bandari.

MzeeWaGati

La jina: nenda na karatasi ambazo majina yake yanalingana, na lile la kwenye grini kadi ndilo ulijaze kwenye fomu, herufi kwa herufi. Sisi Waswahili majina yetu yanapishana kila ofisi. Huku bin, kule hakuna bin, huku Mohamed, kule Mohammed. Kama umewahi kutumia jina jingine, fomu ina mahali pa kuliandika. Liandike. Kuficha jina la pili kunazua shaka kuliko jina lenyewe.

La mdogo wako nitalijibu kwa kirefu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapojifungia mlango wenyewe.

Makosa yamegawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ya kudumu. Humo kuna manne ambayo hayana mjadala: ujasusi, uhaini, uchochezi wa kuipindua serikali, na ugaidi. Ukipatikana na hatia ya mojawapo, kadi huipati maisha. Mengine ya kudumu, kama kuua kwa kukusudia, makosa ya mabomu na vilipuzi, au kutishia kulipua mahali pa umma, nayo yanakuzuia siku zote, lakini unaruhusiwa kuomba kizuizi kiondolewe, ndio huo tunaouita msamaha.

Fungu la pili ni ya muda. Humo kuna silaha, wizi wa nguvu, ulaghai, rushwa, magendo, uchomaji moto, utekaji, ubakaji, kuingia bandarini kwa udanganyifu, na hilo la mdogo wako, kusambaza dawa za kulevya au kuwa nazo kwa nia ya kusambaza. Haya yanakuzuia ikiwa haijapita miaka 7 tangu hukumu, au haijapita miaka 5 tangu kutoka gerezani. Na ni yale yaliyohukumiwa kama makosa makubwa ya jinai. Kosa likiteremshwa na mahakama likawa dogo, habari inabadilika.

Kwa hiyo muulize vitu vitatu. Hukumu ilikuwa tarehe gani? Alitoka gerezani tarehe gani? Na karatasi ya hukumu imeandika nini hasa: kuwa nazo, au kuwa nazo kwa nia ya kusambaza? Kuwa nazo tu hakumo kwenye orodha ile. Watu wawili waliokamatwa na kitu kilekile wanaweza kuwa na majibu tofauti kwa sababu ya maneno machache ya karani.

DerevaSavannah

Kumbe! Yeye anasema "dawa" tu, hajui zaidi. Nitampigia leo.

MzeeWaGati

Mpigie, halafu mwende wote mahakamani. Asiende peke yake. Mtu aliyefungwa akisimama mbele ya dirisha la karani ulimi unakuwa mzito.

BintiChumbageni

Shikamoo mzee. Mimi niko Tanga. Kaka yangu amemaliza mafunzo ya msingi ya baharia, yale ya kuokoa maisha, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama melini. Kuna wakala Dar anamwambia ampe dola 450 amtafutie TWIC, kwamba bila hiyo hakuna meli ya kimataifa itakayomchukua. Ameshauza pikipiki. Pesa bado anayo.

MzeeWaGati

Marahaba mwanangu. Mwambie asitoe hata senti. Simama hapohapo umpigie.

TWIC haiuzwi Dar, haiuzwi Mombasa, haiuzwi popote. Vidole vinachukuliwa kwenye vituo vilivyo Marekani na maeneo yake, na mwombaji mwenyewe akiwepo. Anayekuletea kadi hiyo kwenye bahasha anakuletea bandia, na kuitumia ni kosa ambalo litakufungia bahari nzima. Tena baharia wa meli ya bendera nyingine haihitaji TWIC ili awe melini, hata meli hiyo ikija Houston.

Anachohitaji ni pasipoti, kitabu cha baharia, cheti cha daktari, vyeti vya mafunzo hayo uliyoyataja pamoja na kile cha uelewa wa ulinzi wa meli, na mkataba. Kampuni nyingine, hasa za meli za kitalii, zitataka pia cheti cha tabia njema cha polisi, na hicho kinatolewa na polisi wa nchi yako kwa ada inayojulikana.

Na kuna jambo mabaharia wetu hawaambiwi. Mkataba wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ule wa ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, unakataza wakala kumtoza baharia pesa ya kutafutiwa kazi. Baharia anagharimia cheti cha daktari, kitabu chake na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Umeandikwa waziwazi hivyo. Kenya iliuridhia mwaka 2014, Tanzania 2019. Wakala akidai pesa ya ajira, mpelekeni TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Kwa walioko Kenya, ni Mamlaka ya Bahari ya Kenya.

BintiChumbageni

Amepokea simu. Amesema wakala alimpa mpaka Ijumaa na kwamba kuna wengine wanaisubiri nafasi. Nimemsomea ulichoandika lote. Amenyamaza kidogo, halafu akasema atakwenda kuinunua tena pikipiki kama haijauzwa kwa mwingine. Asante mzee, Mungu akulipe.

Kijana_Likoni

Assalam aleikum mzee. Mie niko kwenye tanka, bendera ya Liberia. Mara mbili tumefunga gati hapo Texas na mara zote mbili sikushuka. Mara ya kwanza sikuwa na viza. Mara ya pili viza ninayo, lakini tukaambiwa gati ni la kampuni binafsi na kutembea ndani ni marufuku. Miezi minane sijakanyaga ardhi. Nilikuwa nikiona taa za mji usiku kutoka sitahani. Je, nikipata TWIC nitaweza kushuka?

MzeeWaGati

Waaleikum salaam mwanangu. Pole sana. Nimekaa mimi pia kwenye reli ya meli nikitazama mji ambao siruhusiwi kuufikia, naijua hali hiyo.

Hiyo shida si ya TWIC. Kwako ni viza ya mabaharia, ile ya C1/D, ambayo ada yake ni dola 185 na inapaswa kulipwa na mwenye meli. Ukifika, ofisa wa uhamiaji anapanda melini, anakukagua, na akiridhika anakupa ruhusa ya kushuka, isiyozidi siku 29 wala kupita muda meli yako itakapokuwapo. Ukishaipata ruhusa hiyo, kinachobaki ni njia kati ya ngazi ya meli na geti. Hapo ndipo magati mengi ya mafuta yalikuwa yakiwazuia watu, au kuwatoza pesa nyingi kwa gari la kuvuka mita mia chache.

Walinzi wa Pwani walitoa kanuni mwaka 2019: kila gati linalosimamiwa na ile sheria ya usalama wa bahari ya mwaka 2002 liwe na utaratibu wa kumpitisha baharia, bila kuchelewa kusiko na sababu, na bila baharia kulipa chochote. Magati yalipewa mpaka Juni 1, 2020. Kwa hiyo mkifika tena, mwambieni ofisa wa usalama wa meli aulize mapema, kabla ya kufunga kamba, utaratibu wa gati hilo ni upi. Uko kwenye mpango wao wa ulinzi. Na mpigie simu kituo cha mabaharia cha bandari husika. Wana mabasi madogo, madereva wao wana TWIC, na wanaruhusiwa kukusindikiza hadi getini. Usione haya kuwapigia. Kukuchukua wewe ndiyo kazi waliyoichagua.

NahodhaMstaafu

Ndugu zangu, naomba niongeze kidogo, niko Unguja na bahari nimeiacha zamani. Vijana hawajui kwamba mambo hayakuwa hivi. Kabla ya Julai 1, 2004, siku kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari zilipoanza, tulikuwa tukifunga kamba tunashuka ngazi, tunaonyesha kitabu, tunakwenda mjini kununua kadi ya simu. Baada ya hapo baharia akawa mtu wa kutiliwa shaka kwanza.

ILO walijaribu kuliponya jeraha hilo. Mwaka 2003 walipitisha mkataba namba 185 wa kitambulisho cha baharia, badala ya ule namba 108 wa mwaka 1958. Nia ilikuwa nzuri: baharia akubali alama zake za vidole ziwekwe kwenye kitambulisho, na kwa kubadilishana, nchi impe nafasi ya kushuka bila viza. Mwaka 2016 ukarekebishwa ufanane na pasipoti za kielektroniki, picha ya uso ikawekwa ndani ya chipu badala ya alama za vidole. Lakini Marekani haikuuridhia. Tulitoa vidole, hatukupewa ngazi. Hili linaniuma mpaka leo.

Swali langu kwako MzeeWaGati: hiyo TWIC inalinda kweli? Nakumbuka mwaka 2011 wakaguzi wa Bunge lao wenyewe, GAO, waliingia bandarini kwa kadi bandia.

MzeeWaGati

Shikamoo nahodha. Ni kweli, ripoti ile ilitoka Mei 2011 na wakaguzi waliingia. Kadi iliyochunguzwa vizuri haisaidii ikiwa mlinzi anaitupia jicho tu na kukupungia mkono. Nimeona magati yanayosoma chipu na nimeona yanayotazama picha.

Mimi siipingi kadi. Nafanya kazi juu ya makontena ambayo sijui ndani mna nini, na ningependa aliye pembeni yangu awe mtu anayejulikana. Ninachokipigania ni uchunguzi uwe wa haki hadi mwisho, na haki ipo kwenye sheria: upo muda wa kujibu, ipo rufaa, upo msamaha, na ukinyimwa msamaha yupo jaji wa kulitazama upya. Wanaoipoteza ni wale ambao hakuna aliyewasomea ukurasa wa pili.

NahodhaMstaafu

Marahaba. Nimekuelewa.

Fundi_Norfolk

Swali fupi. Nikipata TWIC ndiyo tayari naweza kufanya kazi melini hapa?

MzeeWaGati

Bado. Kadi inasema tu kwamba umechunguzwa. Haikupi hata haki ya kuingia gati. Mwenye gati lazima akubali una kazi ya kufanya humo. Kuwa baharia kwenye meli au boti za kuvuta tishari unahitaji cheti cha baharia kinachotolewa na Walinzi wa Pwani, na wao wana uchunguzi wao juu ya ule wa TSA. Wanapima mkojo kutafuta dawa za kulevya, wanaangalia rekodi yako ya udereva. Kuendesha gari umelewa hakumo kwenye orodha ya TWIC, lakini kwao kunahesabiwa. Anza na TWIC kwanza. Ukiipoteza, nyingine ni dola 60, kwa hiyo itunze.

Mwana_Tanganyika

Yaya MzeeWaGati, ni mimi mwenye barua. Nimesoma uzi wote. Nataka kueleza, labda itasaidia na wengine. Miaka mitatu nyuma kulikuwa na ugomvi kwenye maegesho, vijana walikuwa wengi, simu ya mtu ikapotea. Polisi waliandika wizi wa nguvu kwa sisi wote. Mimi nilikubali kosa dogo la fujo, nikalipa faini, sikufungwa. Mkalimani alikuwa wa Kifaransa na mimi Kifaransa changu ni kidogo. Sasa barua inasema wizi wa nguvu. Niombe msamaha ama nikate rufaa?

MzeeWaGati

Mwanangu, asante kwa kujitokeza. Sikiliza vizuri, maana ukichagua mlango usiofaa utajiumiza.

Msamaha ni wa mtu aliyehukumiwa kwa kosa lililo kwenye orodha, na anasema: ni kweli nilifanya, lakini tazameni mazingira yake, tazameni nilivyolipa, tazameni ninavyoishi sasa. Huyo anapeleka barua za mwajiri, za msikiti au kanisa, vyeti vya mafunzo. Rufaa ni ya mtu anayesema: rekodi mliyonayo ina makosa au haijakamilika. Wewe hukuhukumiwa kwa wizi wa nguvu. Ulihukumiwa kwa fujo, kosa dogo. Kwa hiyo, kwa unavyonieleza, wewe ni wa rufaa. Ukiandika barua ya kuomba msamaha kwa wizi ambao hukuhukumiwa nao, utakuwa umejibebesha mzigo wa mtu mwingine.

Tafuta pia msaada wa sheria wa bure kwenye shirika lililokupokea. Mwanasheria aisome barua yako kabla haijatumwa, maana mimi ni mfunga makontena. Na kama karani atasema nakala zitachukua muda, waandikie TSA kuomba waongeze siku, lakini waandikie kabla ya siku 60 kwisha. Zikishapita, mambo yanakuwa magumu.

Zimebaki ngapi?

Mwana_Tanganyika

Kumi na tisa. Kesho nina zamu ya usiku, asubuhi niko huru. Mahakama inafunguliwa saa mbili.

MzeeWaGati

Nitakuwa nje ya nyumba yako saa moja na nusu. Beba barua, grini kadi, na ile risiti ya faini kama bado unayo. Tutaomba nakala mbili zenye muhuri, moja ya kutuma na moja ya kukaa kwako.